Mheshimiwa Waziri, tuonyeshe pa kusimama na kamera

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi, Tanzania

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Nairobi. Juzi ndege yangu ilitua Dar es Salaam saa mbili asubuhi, na ya kuunganisha ilikuwa saa kumi na moja jioni. Abiria wenzangu walikwenda Kariakoo kutafuta vitenge. Mimi nilikwenda kuangalia treni. Ni ugonjwa, najua, nyumbani wameshauzoea.

Kwa mgonjwa wa aina yangu, Dar ni hospitali ya rufaa. Reli za upana wa aina tatu katika jiji moja! Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1905, ina milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. SGR, ile mpya ya umeme, ina 1,435. Ukiwa na nauli ya daladala unazimaliza zote kwa siku moja na ndege huikosi. Sisi Nairobi tunazo aina mbili tu, na SGR yetu inakunywa dizeli.

Nilianzia TAZARA, maana iko njiani ukitoka uwanja wa ndege. Nikasimama nje nikiwaza kwamba reli ile ikishaondoka hapo haina haraka ya kufika: kilomita 1,860, mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Kisha nikaenda Ilala, upande wa daraja refu la SGR. Hapo ndipo muda wangu ulipoishia. Muuza kahawa mmoja alinimiminia kikombe, akanitupia jicho, akasema, "Wewe unasubiri Mchongoko. Kaa, inakuja." Hakutazama saa. Kashata haijaisha mdomoni, treni hiyo ikapita juu yetu, pua imechongoka kweli, bila moshi, bila mngurumo, upepo tu na mlio mwembamba wa nyaya. Mimi niliyezoea kusema gari la moshi nilikosa neno la kuiita.

Na treni yenyewe sikuipiga picha. Kamera ilibaki kwenye begi mpaka ilipokwisha kupita.

Hakuna aliyenikataza, Mheshimiwa. Nilijikataza mwenyewe. Miaka ya nyuma, katika stesheni ya nchi nyingine ambayo siitaji, mlinzi alinisimamia mpaka nikafuta picha zote, pamoja na za harusi ya binamu yangu. Tangu hapo nikiona reli mkono unakuwa mzito. Na kila anayekuja kwenu huambiwa na waliomtangulia: stesheni, daraja, bandari, usithubutu. Akiuliza mpaka uko wapi, kila mtu ana jibu lake.

Sipingi ulinzi. Reli ya umeme ni mali ghali, na mwenye nyumba ana haki ya kuchagua chumba cha wageni. Ninachoomba ni kionyeshwe. Kibao kimoja kwenye kila stesheni: hapa piga, hapa usipige, kwa Kiswahili cha kawaida. Mlinzi naye atapumzika. Sasa hivi inambidi akisie nani mpelelezi na nani mwendawazimu kama mimi. Na kama kuna namna, kibali cha siku moja kinachouzwa dirishani pamoja na tiketi. Ningelipa bila kuuliza bei.

Kwetu hilo limewezekana kwa sehemu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, unalipa kiingilio, unapanda hadi kwenye chumba cha dereva, unapiga picha mpaka betri inakufa. Vichwa viwili vikubwa vya mvuke vilivyopo hapo, aina ya 59, vilivyotengenezwa Manchester miaka ya 1950, vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Mheshimiwa, hiyo ni milima yenu! Gelai iko Longido, Shengena iko Upare. Watoto wa shule wa Nairobi wanapiga picha na milima ya Tanzania kila wiki, na mimi nimekaa Ilala kutwa nzima nimeondoka na picha moja: kikombe cha kahawa, nyuma yake nguzo ya zege. Treni imeshapita.

Desemba nitapita tena. Safari hiyo nitakuwa na muda wa saa kumi na moja nzima, na muuza kahawa ameshanijua.

Wako,
Abiria wa kuunganisha ndege, Nairobi