Wito wa Harambee: Tumrudishe Mwalimu Darasani

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule yetu na marafiki mlio mbali,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe. Mwaka juzi mlitoka jasho kwa mabati ya madarasa, na tunaona haya kubisha tena mlango uleule. Safari hii hatuombi bati wala saruji.

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamejaa, na ni heri. Ila darasa la kwanza lina watoto 127, wakati serikali inataka mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mwalimu wao yupo, tena wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kweli kweli, lakini ndiye pia mwalimu wa fedha. Ruzuku ikiingia, benki ni yeye. Wanafunzi wakiingizwa PREM, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za wanafunzi, ni yeye. Mahindi ya uji yakiletwa, ni yeye na mizani. Jumanne iliyopita alikuwa ameandika "mba, mbe, mbi" ubaoni, akaitwa ofisini. Darasa akaachiwa kiranja wa la sita na fimbo yake. Watoto waliimba "mba" mpaka kengele. Mmoja daftari lake lilikuwa juu chini.

Kamati na Mwalimu Mkuu tumegawa kazi upya. Karani atashika makaratasi ya fedha, takwimu na stoo. Vijana wawili wa hapa kijijini, wenye vyeti vya ualimu na wanaosubiri ajira, watakaa na wasiojua kusoma, kumi kumi. Na mwalimu mkongwe wa la saba atashuka la kwanza. Wapo waliokunja uso, maana mtihani ndio unaotuletea sifa. Lakini huko la saba tunahangaika na mtoto aliyekwama kwenye silabi tangu la kwanza.

Posho: karani 200,000, wasaidizi 150,000 kila mmoja. Ni 500,000 kwa mwezi, milioni 5 kwa miezi 10. Mkononi tuna 640,000. Posho haina ukuta wa kuandikwa jina la mfadhili, tunajua. Ila kadi ya harusi ya laki moja huwa tunalipa bila kuuliza ukumbi una viti vingapi.

Mchango ni hiari, kibali kipo, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Stakabadhi utapewa, mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwezi na kusomwa kwenye mkutano wa wazazi.

Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Asiye na fedha alete debe la mahindi, tutalinadi hapo hapo.

Mungu awazidishie.

Kamati ya Shule