Mzee wa koti la bluu, uwanja wa ndege Tabora, wabeja sana (asante sana)

Jamani anayemjua yule mzee aliyekuwa anafyeka majani pale uwanjani amfikishie salamu. Mimi ndo yule mwanafunzi wa urubani wa Cessna 172 (kindege kidogo chenye pangaboi puani), nilishuka kuchukua begi injini bado inawaka (ujinga wangu, tulishafundishwa izimwe kwanza) nikakatiza mbele badala ya kuzungukia mkiani, na pangaboi likizunguka hulioni kabisa, hata injini ikipunguzwa mpaka mwisho bila kuzimwa ni mizunguko kama 700 kwa dakika, we mzee ukatupa fyekeo ukanidaka kola mpaka kifungo kikaruka. Ukaniambia tu "mwanangu, tembea huku" ukarudi kwenye majani yako, hata jina sikuuliza. Miguu ilitetemeka mpaka jioni. Kifungo sijakishona mpaka leo.