Shukrani kwa Mwokoaji wa Teahupo'o
Kwako dereva wa pikipiki ya majini uliyenitoa kwenye mwamba wa Teahupo'o, Tahiti, palipofanyika mashindano ya Olimpiki ya kuteleza mawimbini mwaka 2024, natoa shukrani zangu za dhati, ingawa jina lako sikulipata. Wimbi liliponibwaga juu ya matumbawe, ambako maji hayakunifika hata kiunoni, uliingia katikati ya mawimbi mawili, ukanidaka mkono na kunitupa kama gunia (wala sikulalamika) juu ya kitanda cha uokoaji kilichofungwa nyuma, kabla wimbi la pili halijavunjika. Ufukweni ulinikamulia ndimu mgongoni, ukasugua michubuko bila huruma, nami nikapiga kelele ambazo majini sikuzipiga. Vidonda havikutunga usaha.