Neno la siri gumu halizibi tundu la ruta

Mteja akituletea sisi mafundi ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, iwe ya nyumbani Kisasa au ya gesti kule Nkuhungu hapa Dodoma, tunaigeuza kwanza na kusoma stika ya chini. Wengi hudhani tunatafuta neno la siri. Tunachotafuta ni modeli na namba ya toleo, ile inayoanza na herufi V, kwa sababu ruta mbili zenye jina moja, umbo moja na antena zilezile zinaweza kuwa na programu tofauti kabisa ndani. Moja ikawa salama, na mwenzake akawa na tundu, yaani kosa la programu linalompa mtu njia ya kuipa ruta amri zake, ambalo wavamizi wa mtandaoni wamelizoea kwa miaka. Wateja wetu wengi wakishabadilisha neno la siri la waifai huona kazi imekwisha. Kwa tundu tunalolieleza hapa, haijaisha.

Ruta ni kompyuta ndogo, na nyingi zinatumia mfumo endeshi wa Linux. Ule ukurasa unaoufungua kwa kuandika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 ni programu inayopokea unachojaza na kukifikisha kwenye mfumo. Chukua sehemu ya kupima mtandao. Ina kisanduku kimoja. Fundi anaandika anwani, tuseme 8.8.8.8, anabonyeza kitufe, na ruta inatuma ping, ujumbe mfupi wa majaribio, kuona kama intaneti inafika. Kinachotokea ndani ni kwamba programu inachukua yale maandishi, inayabandika baada ya neno ping, kisha inaukabidhi mstari mzima kwa sehemu ya Linux inayotekeleza amri. Sasa, kwa Linux nuktamkato maana yake ni kwamba amri ya kwanza imeishia hapo na nyingine inaanza. Mtu akiandika 8.8.8.8; reboot kwenye kisanduku hicho, na aliyetengeneza programu hakuiwekea ukaguzi, ruta itapima mtandao halafu itajizima na kujiwasha. Mahali pa reboot panaweza kukaa amri yoyote: pakua faili hili, liendeshe, badilisha DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva yake), fungua njia ya kuingilia kutoka nje.

Umemtuma mtoto kwa mangi na kikaratasi kilichoandikwa "chumvi pakiti moja", njiani mtu akaongeza chini "na mchele kilo kumi". Mangi anatoa vyote na kuandika kwenye daftari lako, maana karatasi imetoka kwako. Ruta yenye tundu hili inafanya hivyo hivyo, na kwa ruta nyingi za nyumbani inayafanya kwa mamlaka yote ya mfumo. Hakuna mlinzi wa pili ndani anayeuliza.

Na si kisanduku cha ping tu. Ruta ya TP-Link Archer AX21 ilikutwa na tundu kwenye sehemu ya kuchagua nchi na lugha. Lilionyeshwa kwenye mashindano ya udukuzi ya Pwn2Own huko Toronto Desemba 2022, kiwanda kikatoa programu mpya Machi 2023, na Aprili mwaka huohuo kirusi cha Mirai kikawa tayari kinalitumia kuteka ruta ambazo wenyewe hawakuwa wamezisasisha. Tundu hilo halikudai neno la siri hata kidogo, kwani ombi lenye amri ndani lilipokelewa kabla ya mtu kuingia kwenye akaunti. Mwaka 2018 ruta za faiba za Dasan zilikutwa na matundu mawili yaliyosaidiana: la kwanza lilimruka mlinzi wa neno la siri kwa kuongeza maneno machache mwishoni mwa anwani ya ukurasa, na la pili lilikuwa hilihili la ping. Ungeweka neno la siri la herufi thelathini, lisingekusaidia.

Iliyo karibu zaidi na sisi ni TL-WR841N ya TP-Link. Hakuna fundi wa Dodoma asiyeijua. Imejaa kwenye steshenari, saluni na nyumba za kupanga, na bado inauzwa kwa mkono wa pili. Matoleo V8 na V10 ya ruta hiyo, pamoja na TL-WR940N V2 na V4 na TL-WR740N V1 na V2, yana tundu la kupenyeza amri kupitia ukurasa wa mipangilio ya waifai. Juni 2025, CISA, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, iliyaingiza kwenye orodha yake ya matundu ambayo wavamizi wanayatumia tayari, na ikashauri vifaa ambavyo kiwanda kimeacha kuvihudumia viondolewe kazini. Ndiyo maana mteja mwingine anashangaa tukikubali kutengeneza ruta ya jirani yake na kumkatalia yake inayofanana nayo. Kumbadilishia adapta ili aendelee kutumia kifaa hicho ni kuchukua hela yake bure.

Kuna wanaotuambia: ukurasa wangu wa mipangilio haufunguki kutoka nje, basi nina wasiwasi wa nini? Kuufungia nje kunasaidia sana, na tunawahimiza wote wafanye hivyo. Lakini simu iliyounganishwa kwenye waifai yako iko ndani tayari. Ukifungua tovuti mbaya kwenye simu hiyo, tovuti inaweza kuielekeza simu itume ombi kwa 192.168.0.1 bila wewe kuona chochote, na kama ruta bado ina jina admin na neno la siri admin vilivyotoka kiwandani, mlango uko wazi. Gesti ina mzigo mkubwa zaidi, maana wageni wanabadilika kila siku na kila mmoja anaingia na simu yake. Bunge la Bajeti likianza Aprili vyumba vinajaa, na mgeni anafanya kazi za ofisi kwa waifai ile ile anayotumia kijana wa mapokezi kuangalia mpira.

Wavamizi wanataka nini kwenye ruta ya saluni ya Makole? Kwanza wanataka laini yako. Ruta nyingi zilizotekwa zikielekezwa kwa seva moja kwa wakati mmoja, seva hiyo inazidiwa na kuanguka. Pia wanaikodisha kwa watu wanaotaka uhalifu wao uonekane umetoka kwenye anwani yako. Tatu, na hili ndilo linalotusumbua kwa wateja wanaofanya uwakala wa fedha, wanaweza kubadilisha DNS ili ukiandika anwani ya benki upelekwe kwenye ukurasa wa kughushi. Madhara mengine yanatokea hata bila ruta kutekwa. Novemba 2016 wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipata shida ya intaneti, baada ya ruta zao kushambuliwa kupitia mlango namba 7547 ambao kampuni za intaneti huutumia kuhudumia vifaa kwa mbali. Amri ilifichwa mahali pa kujaza jina la seva ya saa. Ruta zile hazikuambukizwa, zilishindwa kuhimili tu.

Tuseme pia ukweli huu: intaneti ikiwa nzito, mara nyingi chanzo ni kingine. Ruta imewekwa nyuma ya kabati, kifurushi kimefika kikomo, au nyumba nzima iko kwenye video. Dalili inayotufanya tuichunguze kwa makini ni ruta inayopata nafuu ukiizima na kuiwasha, kisha inachoka tena baada ya muda mfupi, huku taa ya intaneti ikimeta usiku wakati hakuna anayetumia. Virusi vya jamii ya Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo umeme ukikatika vinafutika. Tundu lenyewe halifutiki, na mashine zinazotafuta ruta dhaifu hazilali, basi vinarudi.

Tiba ni kusasisha programu ya ruta. Unaweza kufanya mwenyewe kwenye menyu iliyoandikwa Firmware Upgrade, ila shika mambo haya. Pakua faili kutoka tovuti ya kiwanda tu, la modeli na toleo lako hasa, maana faili la V9 kwenye V10 linaweza kuiua ruta. Tumia waya, usitumie waifai. Na kwa umeme wetu, usianze kabla hujachomeka ruta na kompyuta kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, ruta haiwaki tena, na tumeshapokea kadhaa za namna hiyo. Ukimaliza, zima Remote Management (kufungua mipangilio kutoka nje), WPS (kujiunga na waifai kwa kitufe au PIN) na UPnP (inayoruhusu vifaa vya ndani kujifungulia milango ya ruta), badilisha neno la siri la ukurasa wa mipangilio (ni tofauti na la waifai), na uangalie DNS.

Wengine wanaomba tuwawekee OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwanda, kwenye ruta ya zamani. Ni programu nzuri, tunaiweka pale kifaa kinapoimudu. Ruta zenye hifadhi ya MB 4 na kumbukumbu ya MB 32 ziliishia kwenye toleo la 19.07, ambalo nalo halihudumiwi tena. Kwa hizo tunashauri kununua mpya.

Kifaa cha faiba ulichopewa na kampuni ya intaneti hatukigusi, ni mali yao na wao ndio hukisasisha. Piga huduma kwa wateja, wasomee modeli, uwaulize kilisasishwa lini. Jibu likiwa halieleweki, omba kibadilishwe.

Kwa gesti na migahawa tunatenganisha waifai ya wageni na ya ofisi, ili simu ya mgeni isifike kabisa kwenye ukurasa wa mipangilio wala kwenye kompyuta ya malipo. Intaneti hukatika wakati wa kazi hiyo, hivyo tupigieni mapema tupange asubuhi ambayo wageni wameshatoka na mashine za malipo hazina foleni.