Baridi inatembea kama maji: kwa nini palmiye yako imeungua na ya jirani iko muzuri

Kila mwaka ikifika mwezi wa 8 simu ya pepinyeri yetu, hapa tunapouza miche ya palmiye (miti ya jamii ya mnazi na mtende), inaanza kulia, na maneno ni yale yale. "Papa, ile palmiye mliniuzia imekufa." Haijakufa kila mara, hiyo tutaifikia, lakini majani yamekuwa kahawia kama mtu ameyapitisha kwenye moto na kliya, mteja wetu, anaamini kabisa tulimuuzia mti mgonjwa. Kisha anaongeza ile inayotuuma zaidi: yaya yake, mkubwa wake wa kuzaliwa, alinunua siku moja na yeye, mstari mmoja, sashe, ile mifuko ya miche, zilikuwa zinagusana, na ya yaya iko kijani tu.

Sasa mti ni ule ule, udongo wa sashe ni ule ule, aliyemwagilia ni sisi. Kilichobadilika ni mahali. Na tukisema mahali hatusemi Lubumbashi ao Likasi, miji yetu ya Katanga, Congo, tunasema lupango hii, kiwanja cha nyumba, na lupango ile, hata kona hii ya lupango na kona ile.

Tuanze na mji wenyewe, Lubumbashi, kwa sababu wengi wanakosea hapo. Mtu anasema hapa ni Afrika, jua liko, palmiye itaota popote. Lubumbashi iko juu, mita 1200 na kitu, na tuko karibu digrii 12 kusini ya ikweta, njo maana tuna baridi ya kweli. Mvua inaanza mwezi wa 10 ao wa 11, kwa mwaka inafika karibu milimeta 1200, inaisha mwezi wa 4, kisha miezi mitano hivi ni vumbi tu. Mwezi wa 6 na wa 7 mchana ni muzuri, unatembea na shemizi, lakini usiku inashuka chini ya digrii 10 na asubuhi unaona ba mama ba kuuza makala (mkaa) bamejifunga vitenge viwili viwili. Mchana hauna shida na palmiye. Shida ni ile saa ya mwisho kabla jua halijatoka.

Kinacholeta ubaya ni mbingu safi. Wakati wa mvua mawingu yanakuwa kama blanketi juu ya mji, joto la udongo linabaki. Wakati wa kiangazi hakuna wingu, hewa ni kavu, joto lote ambalo udongo ulikula mchana linapanda na kwenda zake, na udongo unapoa kuliko hewa iliyo juu yake. Kama upepo unapiga kidogo, hewa inachanganyika na unapona. Usiku ambao jani halitikisiki na nyota zinaonekana zote, ule ujue.

Kuko papa (baba) mmoja anatoka Bukavu, alitubishia sana. Anasema kwetu ni milima, juu kuliko hapa, na palmiye ziko kila kona, wala hatuzifunikii kitu. Ana haki! Bukavu iko mita 1500 hivi, lakini iko karibu na ikweta, digrii 2 na nusu tu, haina miezi ya baridi kama yetu, kiangazi chake ni kifupi, na chini yake kuko ziwa Kivu, na maji mengi vile yanashika joto la mchana na kulirudisha pole pole usiku. Sisi hatuna ziwa la namna ile. Na mwingine anatoka upande wa Bukama, kule mita 600 hivi, joto usiku na mchana, yeye anashangaa kwa nini ngazi, ule mti wa mawese, hapa haitoi mbila (matunda yake) kama kwao. Urefu wa mahali peke yake hausemi kila kitu, na joto la mchana pia.

Haya, sasa ile yenyewe. Hewa ya baridi ni nzito. Inatiririka. Inashuka mteremko pole pole kama maji, inatafuta mahali pa chini, ikifika inalala hapo. Njo maana kwenye dembo, yale mabonde ya maji, na karibu na mto Kafubu, ao pale mto Lubumbashi unapopita, kuna asubuhi za mwezi wa 7 unakuta weupe juu ya nyasi, ile sakitu, na ukipanda juu kidogo kwa mguu, dakika 10 tu, hakuna kitu na hewa inabadilika usoni unasikia. Mtu wa kupanda matembele kwenye dembo anaijua hii habari kutuzidi sisi, majani yake yanakuwa meusi kwa usiku mmoja. Lakini tajiri akijenga nyumba muzuri pale chini kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bei nafuu, anataka palmiye ruayali mbili kwenye geti, na hakuna anayemwambia.

Telefone nayo inadanganya bila kutaka. Ile meteo, utabiri wa hewa, inakupa namba moja ya mji mzima, na vipimo vya mji vinatoka uwanja wa ndege wa Luano, mahali pa wazi na tambarare. Lupango yako siyo Luano. Sisi tuliweka vipima joto vidogo vile vinavyokumbuka baridi ya usiku, kimoja juu mlangoni mwa pepinyeri, kingine kule mwisho wa shamba ambako tunamwaga takataka, haifiki mita 80 kati yao, na asubuhi nyingine tunakuta digrii 3 tofauti. Digrii 3 kwa areka, palmiye moja laini, ni kubaki ao kuungua.

Na kuko kitu kingine hatukukijua mpaka kilitupata na mama mmoja, kliya wa zamani, tunamheshimu sana. Palmiye zake sita tulimpandia sisi wenyewe, miaka minne ziko muzuri, watu banapiga nazo picha za ndoa. Mwaka wa tano zote zinaungua. Alikuja na hasira, na sisi kweli tulianza kutafuta ugonjwa, tukachimba mizizi, tukanusa, tukabadilisha mbolea, hakuna. Mpaka kijana wetu mmoja anauliza: mama, huu ukuta ni wa lini? Kumbe mwezi wa 5 alijenga ukuta mpya upande wa chini wa lupango. Kabla yake kulikuwa ua wa miti tu na nyavu, baridi ilikuwa inapita na kuendelea na safari yake kwa jirani. Sasa ukuta wa matofali mita mbili na nusu, hakuna tundu hata moja, na geti ni manjanja, bati la chuma, mpaka chini. Amejenga bwawa, na bwawa linajaa kila usiku. Tulimwomba atoboe matundu chini ya ukuta, makubwa ya kupitisha paka, na geti akate manjanja chini aweke chuma za wazi. Alicheka kwanza, anasema munataka nifungulie wezi mlango. Alifanya. Nne kati ya zile sita zilirudi.

Basi ukijenga ukuta wa upande wa chini, acha njia. Upande wa juu ni kinyume, pale ukuta mzima unasaidia, unaigeuza baridi ipite pembeni.

Mahali pa joto nako kuko, na si lazima uwe na pesa. Mwezi wa 6 jua letu saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, halipiti juu ya kichwa. Ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini unakula jua miezi yote ya baridi, na ule wa magharibi unakula lile la mwisho la jioni, usiku matofali yanalitoa kidogo kidogo. Upande wa kusini wa nyumba ndefu unabaki kwenye kivuli, udongo haupati joto, na ni hapo watu wanapenda kuweka areka kwa sababu "inapenda kivuli". Inapenda kivuli cha mti, haipendi friji! Chini ya muembe mkubwa ni tofauti kabisa, majani ya muembe yanafanya kazi ya wingu, yanarudisha joto chini. Ndani ya Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, nyumba zimebanana, kuta kila upande, moshi wa makala, watu, pale tumeona mimea ambayo kule mashambani upande wa Kafubu isingepita mwezi wa 7. Palmiye ya yaya ilikuwa Kamalondo, kama mulikuwa mnajiuliza.

Kwa aina za miti tutapita haraka. Washingtonia inatoka jangwa la California na Mexico, Phoenix canariensis inatoka visiwa vya Canaries, hizo baridi yetu haizisumbui, panda hata chini. Trachycarpus ya China ndiyo ngumu kuliko zote ila inakua pole pole na watu hawana subira. Mkindu, ile ya kusukia mikeka, ni mtoto wa hapa hapa, inaota yenyewe kando ya mito, tunashangaa inadharauliwa. Palmiye ruayali, ile ya shina laini kama nguzo ya simenti, ikishakomaa inavumilia, ikiwa changa miaka mitatu ya kwanza ni mtoto mchanga. Areka inatoka Madagascar, ni ya ukutani ao ya baranda. Ngazi itaota, itakupa majani, mawese endelea kununua sokoni.

Wakati wa kupanda tunagombana na watu kila mwaka. Panda mvua ikishika, mwezi wa 11 ao wa 12, mizizi ipate miezi minne mitano kabla ya baridi. Kuko wale banakuja mwezi wa 4 juu kuna harusi mwezi wa 6 na lupango inapaswa kupendeza, tunabauzia, lakini tunaandika kwenye fakture kwamba tumesema. Mwezi wa 9 na wa 10 nao si rafiki, mwezi wa 10 ndio wa joto kuliko yote, hewa kavu, na ule ukuta uliokuokoa mwezi wa 7 unachoma, kwa hiyo usibandike mti kwenye ukuta, acha hata mita moja na nusu ao mbili.

Kwenye baridi usiache udongo ukauke kabisa. Udongo wenye maji unashika joto la mchana kuliko udongo mkavu. Mwagilia mchana, saa sita saa saba, jua lipate muda wa kupasha ule udongo, usimwagilie jioni na tiyo (mpira wa maji) juu ya majani. Zile nyasi tunazoweka chini ya mti kulinda maji ni nzuri mwaka mzima, ila kwa miti michanga iliyo mahali pa chini tunazisukuma pembeni mwezi wa 6 na wa 7, juu zinafunika joto la udongo lisitoke kupanda kwenye majani. Kufunika, tumia gunia ao kitenge cha zamani, lishuke mpaka chini lishike ile hewa ya udongo, asubuhi toa. Plastiki ikigusa jani, jani linaungua pale pale. Na kuchoma matairi usiku ili moshi "upashe" miti, achaneni nayo, moshi haushiki joto kama wingu, unapata kikohozi na majirani.

Kama imeshaungua: usikate! Hii tunaisema kila siku. Kila shina la palmiye lina moyo mmoja tu kule juu katikati, halina matawi ya kuanza upya, na majani yaliyokauka bado yanaufunika ule moyo kwa usiku unaofuata. Acha mpaka mwezi wa 9 baridi iishe. Shika lile jani la katikati ambalo halijafunguka, lile kama mkuki, livute polepole. Likishika, kuko matumaini. Likitoka mkononi na chini linanuka, kuoza kumeingia, hapo tunasafisha na kumwaga dawa ya shaba, kwa Katanga yetu ya shaba hakuna wa kuiogopa, kisha tunangoja. Tumeona mkuki mpya ukitoka baada ya miezi mitatu. Tumeona pia hakuna kitu kinachotoka. Wale wanaosema "imekufa" mwezi wa 8 wengi banahesabu mapema.

Njo maana siku hizi kabla ya kuuza mti mkubwa tunaomba kuona lupango. Hatulipishi kuangalia, ni transpo tu kama uko mbali. Tunatazama mteremko, kuta, jua la saa sita, miti iliyoko, na kama ni mwezi wa 6 ao wa 7 tunakuachia kipima joto siku saba hivi. Kama hutaki tuje, muulize jirani wa chini maswali mawili: mgomba wako mwezi wa 7 unakuwaje, na papai linabaki na majani? Mgomba ukiwa mweusi kila mwaka, njoo tuongee Washingtonia. Ukiwa na kahawia pembeni tu, ruayali inawezekana kwa gunia miaka ya kwanza. Kama uko kijani, una bahati, na usijenge ukuta bila kutupigia.

Na kuhusu minazi, ba papa na ba mama, hatuuzi. Tunajua kuna mmoja muliuona. Uko nyuma ya pepinyeri, mgongo wake ni ukuta wa bulanjeri ya jirani, pale wanapooka mikate, foru (tanuri) inawaka kila usiku mpaka asubuhi, na siku bulanjeri imefunga kwa sababu ya umeme kukatika sisi tunatoka na magunia. Una miaka mitatu. Hauna nazi hata moja.