Shukrani kwa mama muuza achari wa Nishiki

Mama wa duka la achari, soko la Nishiki, Kyoto, Japani: jina lako hatulijui, ila shukrani ni zako.

Uliyowaeleza wageni wanaofika peke yao ni ya kweli tupu. Soko ni kichochoro kimoja, kina urefu wa mita 390 hivi na ni chembamba, kwa hiyo anayekula huku akitembea huwapaka wenzake mchuzi. Asimame mbele ya duka alikonunua, amalize, arudishe kijiti cha chakula hapo hapo, maana mapipa ya taka ni adimu. Hela iwekwe kwenye kisahani cha malipo. Afike mapema, saa kumi na moja jioni wengi wanafunga.

Lililotufaa zaidi ni la mboga zilizochachushwa kwa pumba za mpunga. Zisioshwe mpaka siku ya kuliwa, ndipo pumba zisuuzwe kabla ya kukata. Zisikae kwenye begi lenye joto: uchachu huendelea, pakiti ikavimba na kuvuja, na nguo zote zikanuka (harufu hiyo haitoki kwa kufua mara moja). Tena asante kwa kuwatahadharisha wasiotumia kileo kwamba mayai ya kukunja huenda yametiwa mirini (mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia), waulize kwanza.