Kilowati si kilowati-saa, na kaboni si kaboni dioksidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalojirudia mno katika habari za nishati, hali ya hewa na sayansi zinazochapishwa magazetini, nalo ni kuchanganya dhana ambazo mwanafunzi anayeanza fizikia na kemia hufundishwa mapema kuzitenganisha. Sigombani na uteuzi wa istilahi; mwandishi anayependa neno jotoridi na anayependa halijoto, ambayo yana maana moja, wote wako sawa, mradi kila mmoja ajue anachokipima. Ninachodai ni kwamba tarakimu ikishaachanishwa na kipimo chake haimwelezi msomaji kitu, hata kama tarakimu yenyewe imenakiliwa bila kosa.

Nianze na umeme, maana huko ndiko kosa lilikoota mizizi. Tunasoma kwamba mtambo fulani huzalisha "megawati 100 kwa mwaka", au kwamba kifaa fulani hutumia "kilowati 2 kwa saa". Wati hupima kasi ya kuzalisha au kutumia nishati: wati moja ni jouli moja (jouli ni kipimo cha nishati) kwa kila sekunde, kwa hiyo muda umekwisha kuhesabiwa ndani yake. Anayeongeza "kwa saa" baada ya kilowati huwa amegawanya kwa muda mara mbili, na kinachobaki ni kasi ya kupanda au kushuka kwa kasi nyingine, jambo ambalo sidhani kama mwandishi yeyote alilikusudia. Kinachosomwa kwenye mita na kulipiwa ni kilowati-saa, yaani kilowati zilizozidishwa kwa saa, si zilizogawanywa. Kifaa cha kilowati 2 kikiwashwa kwa saa 3 hutumia kilowati-saa 6, ambazo ni sawa na jouli 21,600,000. Bomba likifunguliwa kwa nguvu muda mfupi, au likaachwa litiririke polepole usiku kucha, pipa linaweza kujaa sawasawa: wati ni mtiririko wa bomba, kilowati-saa ni maji yaliyomo pipani.

Kosa hili lina madhara. Msomaji anayeambiwa kwamba mtambo mpya ni wa megawati 100 bado hajaambiwa utatoa umeme kiasi gani. Mtambo wa ukubwa huo ambao hausimami hata dakika moja ungetoa megawati-saa 876,000 kwa mwaka. Wa jua hauwezi kufikia hata nusu ya hizo, kwa kuwa usiku hauzalishi, na asubuhi na jioni huzalisha kidogo. Mitambo miwili inaweza kutangazwa kwa megawati zilezile huku mmoja ukitoa umeme mara mbili au tatu ya mwenzake, na habari isiyotaja megawati-saa haimwezeshi mlipakodi kulinganisha gharama zake.

Katika habari za hali ya hewa, tatizo ni la namna mbili. La kwanza ni kusema kwamba joto "limeongezeka maradufu" kutoka nyuzi 20 hadi 40. Sifuri ya Selsiasi ni mahali barafu inapoyeyukia, si mwanzo wa jotoridi, na kwa sababu hiyo nyuzi zake haziwezi kulinganishwa kwa kuzigawanya. Kipimo kinachoanzia mwanzo wenyewe, ambao ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, ni kelvini. Kwa kipimo hicho nyuzi 20 ni takriban kelvini 293 na nyuzi 40 ni takriban 313, ongezeko la asilimia 7 hivi. Anayetaka kueleza ukali wa siku hiyo aseme tu kwamba jotoridi limepanda kwa nyuzi 20, na hilo peke yake linatisha vya kutosha.

La pili ni kuchukulia joto na jotoridi kuwa kitu kimoja. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi, na hupimwa kwa jouli. Jotoridi ndilo linalosomwa kwenye kipimajoto. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja, ilhali kilo moja ya chuma hutosheka na takriban 450. Cha ajabu zaidi ni barafu: kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri humeza takriban jouli 334,000 hadi iyeyuke yote, na muda wote huo kipimajoto hakisogei, ingawa joto hilohilo lingetosha kuyapandisha maji yake kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Joseph Black, mwanasayansi wa Uskoti wa karne ya 18, aliligundua jambo hili, na tangu hapo dhana hizi mbili zikatenganishwa. Mvuke wa nyuzi 100 huunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi 100 kwa sababu ya namna hiyohiyo, kwamba unapogeuka kuwa maji juu ya ngozi huachilia joto uliloficha.

Tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na uzito, yaani nguvu ya mvutano juu ya kitu hicho, sitavikalia sana. Kusema "uzito wa kilo 60" hakumdhuru mtu, na tahadhari inahitajika tu katika habari za anga za juu, ambako husomwa kwamba wanaanga huelea kwa kuwa huko hakuna mvutano wa dunia. Kwenye kimo cha kilomita 400 mvutano huo bado ni karibu tisa ya kumi ya ule tunaousikia hapa chini. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakiizunguka dunia.

Upande wa kemia, kosa zito ni kuandika "tani za kaboni" pale chanzo kiliposema tani za kaboni dioksidi, au kinyume chake. Kaboni ni elementi, yaani dutu ya aina moja tu ya atomu. Kaboni dioksidi ni kampaundi, yaani muungano wa elementi zaidi ya moja, na kila gramu 12 za kaboni zinazoungua kikamilifu huchukua gramu 32 za oksijeni hewani na kutoa gramu 44 za gesi hiyo. Tani moja ya kaboni kwa hiyo ni takriban tani 3.67 za kaboni dioksidi, na kuacha neno moja katika sentensi kunaibadilisha tarakimu kwa zaidi ya mara tatu.

Kuna watakaosema kwamba huu ni uangalifu wa walimu uliopita kiasi, usiomhusu msomaji wa kawaida. Wanakemia wenyewe walilipia gharama ya kutotenganisha atomu na molekuli, yaani kundi la atomu zilizoungana. Mwanakemia Dalton alichukulia kwamba maji ni atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, kumbe za haidrojeni ni mbili. Mwanasayansi Avogadro alitoa ufunguo wa kuzitenganisha atomu na molekuli mwaka 1811, lakini ilipita miaka karibu 50, hadi mkutano wa wanakemia wa Karlsruhe, Ujerumani, wa 1860 ambako mwanakemia Cannizzaro aliutetea, ndipo wengi walipoanza kuupokea. Mwanakemia Mendeleev, aliyehudhuria mkutano huo, alichapisha jedwali lake la elementi mwaka 1869.

Ombi langu kwa dawati la habari ni kwamba, kabla ya tarakimu ya sayansi kuchapishwa, mwandishi aulizwe kama ni kiasi au ni kasi, kama ni elementi au kampaundi, na kama nyuzi zake zinahesabiwa kutoka sifuri ipi. Pale ambapo taarifa iliyotumwa kwa vyombo vya habari yenyewe imeandika "megawati kwa mwaka", aliyeituma apigiwe simu na kuulizwa alikusudia nini.

Wako,
Mwalimu wa fizikia na kemia